SOMO LA KIKUNDI: HESABU IKIHAMIA MBALI, MWAMUZI NI NANI?



Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kusoma hati ya mshahara. Leo tunaingia katika jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni la watoto, yaani michezo ya video. Tunaomba mvumilie, kwa maana kabla somo halijaisha tutakuwa tumefika kwenye mizani ya majani ya chai.

Jambo hili lilianzia katika kikundi chetu cha Jumapili hapa Kigali. Ndugu mmoja anayeshona nguo zamu ya usiku katika eneo la viwanda la Masoro alitueleza habari za mwanawe, ambaye hupenda kwenda kwenye chumba cha michezo cha kulipia kule Nyamirambo. Kijana alimwambia: "Baba, kuna mchezo ambao ukilipiga jumba la ghorofa linaanguka lote, na hesabu ya kuanguka haifanywi na mashine iliyo chumbani. Inafanywa na wingu." Ndugu yetu akatuuliza: wingu linawezaje kubomoa nyumba?

Wengi walicheka. Lakini mama mmoja mchuma chai, aliyekuja mjini kwa mkutano wa wajumbe, hakucheka. Alisema: "Hata sisi kule mlimani tuliambiwa kwamba kilo zetu ziko kwenye wingu." Hapo kicheko kikaisha. Tukaona kuwa swali la kijana na swali la mama ni swali moja, na tukaamua kulisoma.

1. KAZI ILIYOMO KATIKA KUBOMOA

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Katika michezo inayoitwa ya dunia wazi, mchezaji anaona kwenye kioo mji mzima wenye barabara, magari na majumba. Hakuna njia moja aliyopangiwa. Anakwenda atakako. Lakini katika michezo mingi ya namna hiyo majumba ni kama pazia la mchezo wa kuigiza. Ukiupiga ukuta risasi mia, ukuta unabaki palepale. Sababu yake ni kwamba kuubomoa ukuta kunataka hesabu nyingi.

Kompyuta haijui kuwa jiwe huanguka. Lazima ifundishwe kwa hesabu. Tuchukue jumba lililojengwa kwa vipande. Mchezaji akivunja nguzo moja, kompyuta inapaswa kujiuliza maswali yale yale ambayo fundi mwashi hujiuliza. Kipande hiki kimeshikwa na nini? Uzito ulio juu yake ni kiasi gani? Kiungo kilichobaki kinaweza kuubeba? Kama hakiwezi, kipande kinaachia, na uzito wake unahamia kwa jirani, naye jirani anaulizwa maswali yale yale.

Kisha vipande vinaanza kuanguka, na vinapoanguka vinagongana. Hapa ndipo kazi inapokuwa nzito. Vikiwa vipande 10, jozi zinazoweza kugongana ni 45. Vikiwa 100, jozi ni 4,950. Vikiwa 1,000, jozi ni 499,500. Angalieni vizuri: vipande vimeongezeka mara mia, lakini kazi imeongezeka zaidi ya mara elfu kumi. Wataalamu wana njia ya kuipunguza. Kompyuta hailinganishi kipande kilichoko Kimironko na kipande kilichoko Nyamirambo, kwa kuwa haviwezi kugusana. Hata hivyo kazi inayobaki ni kubwa, na inapaswa kurudiwa mara 30 au mara 60 katika kila sekunde moja, ili jicho lione jumba likianguka kama linavyoanguka kweli.

2. WACHIMBA MADINI WA MIRIHI

Kuna mchezo mmoja ambao wafanyakazi wangefaa kuujua hata kwa hadithi yake. Unaitwa Red Faction: Guerrilla, na ulitoka mwaka 2009. Ulitengenezwa na kampuni ya Volition ya jimbo la Illinois, Marekani. Hadithi yake iko katika sayari ya Mirihi, ambako wachimba madini wanainuka dhidi ya jeshi linalowakandamiza. Mchezaji anashika nyundo kubwa, na karibu kila kilichojengwa na binadamu katika mchezo ule kinaweza kubomolewa: madaraja, minara, maghala.

Jambo la kujifunza ni hili. Hesabu zote za kubomoka zilifanywa na mashine iliyokuwa nyumbani kwa mchezaji. Majumba yalibeba uzito wao wenyewe, na yakipoteza nguzo zake yalianguka. Watengenezaji wake wamesimulia kuwa mwanzoni majumba yaliyochorwa kwa kupendeza tu yalianguka yenyewe mara hesabu ya uzito ilipowashwa, hata wachoraji wakalazimika kujifunza kanuni za ujenzi. Hesabu haikuwabembeleza.

Lakini mashine ya nyumbani ina kikomo, kama punda. Ukiipa mji mzima iubomoe kwa wakati mmoja, picha zinaanza kukwama. Kwa hiyo watu wakajiuliza: je, hatuwezi kumpa mwingine mzigo huu?

3. WINGU NI NYUMBA

Hapa tuondoe kiini macho. Wingu tunalosema haliko angani. Ni nyumba iliyojengwa juu ya ardhi, imejaa kompyuta zilizopangwa katika makabati ya chuma, safu kwa safu. Kompyuta hizo za kuhudumia wengine huitwa seva. Nyumba hiyo inakula umeme mchana na usiku, na inatoa joto jingi, hivyo inahitaji mitambo ya kuipoza. Ina mafundi wa zamu, ina walinzi, ina wafagiaji. Mtu aliyefanya kazi katika kiwanda chochote akiingia humo ataona kuwa amekuwa katika jengo la namna hiyo siku nyingi.

Kinachoifanya nyumba hiyo iitwe wingu ni namna ya kuikodi. Mteja hainunui seva. Anaikodi kwa saa au kwa dakika, na kazi ikiisha anaiachia. Ninyi vibarua wa kutwa mnaufahamu utaratibu huu kuliko profesa yeyote. Likija lori moja langoni, wanaitwa watu wanne. Yakija matano, wanaitwa ishirini. Mzigo ukiisha, wote wanaambiwa warudi nyumbani. Wingu ni ukibarua wa mashine.

4. KUGAWANA MJI UNAOANGUKA

Mwezi Juni 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza mchezo mpya wa mfululizo uitwao Crackdown, kwa ajili ya mashine yake ya Xbox One. Mwezi Agosti 2015, katika maonyesho ya michezo mjini Köln, Ujerumani, waliuonyesha hadharani. Majumba marefu yalikatwa chini yakaegemea mengine, nayo mengine yakaanguka. Walieleza kuwa mashine ya nyumbani peke yake isingeweza. Kazi ilikuwa ikigawiwa seva za wingu la Microsoft, na walisema nguvu hiyo ingeweza kufika mara 20 ya Xbox One moja. Programu ya kugawa kazi ilitengenezwa na kampuni ya Cloudgine ya Edinburgh, Scotland.

Inagawiwaje? Fikirini kapita mwenye shamba kubwa na vikundi vya wachumaji. Kila kikundi kinapewa kitalu chake. Vivyo hivyo mji wa mchezo unakatwa vipande, na kila kipande kinapata seva yake. Mahali penye utulivu seva moja inatosha. Mahali jumba linapoanguka, seva nyingine zinaitwa kusaidia. Ugumu uko mipakani. Kifusi kikiruka kutoka kitalu cha seva ya kwanza na kuingia kitalu cha seva ya pili, lazima seva ya kwanza iikabidhi ya pili habari zote: kiko wapi, kina uzito gani, kinakwenda kwa kasi gani, kinazunguka upande gani. Makabidhiano yakikosewa, kifusi kitapotea au kitaonekana mara mbili. Mfanyakazi wa zamu anajua kuwa makosa mengi ya kiwandani hutokea wakati wa kupokezana zamu. Na seva nazo ni hivyo hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka hesabu pamoja, nayo ndiyo kiini cha somo letu. Katika sehemu ya mchezo ule iliyotumia wingu, timu mbili za watu watano watano zinapambana, kila mtu akiwa kwake. Kama kila mashine ya nyumbani ingefanya hesabu yake yenyewe, mmoja angeona ukuta umeanguka na mwenzake angeona ukuta bado umesimama. Mmoja angepita, mwingine angesema hapapitiki. Hapo mchezo ungekuwa ugomvi. Kwa hiyo vumbi na kokoto ndogo zinaweza kuhesabiwa nyumbani, maana hazimdhuru mtu. Lakini ukuta unaoziba njia lazima uhesabiwe mahali pamoja, na wote kumi wakubali hesabu hiyo. Seva inakuwa mwamuzi. Haichezei timu hii wala ile. Kwa ajili hiyo wote wanaiamini.

Mlishike neno hilo, ndugu. Tutalirudia.

5. UMBALI UNA GHARAMA YAKE

Habari zinasafiri katika nyuzi za kioo kwa njia ya mwanga, karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini haitoshi kuufuta umbali. Mchezo huu ulitoka tarehe 15 Februari 2019. Wakati ule Microsoft haikuwa bado na vituo vyake vikubwa vya wingu Afrika. Vya Johannesburg na Cape Town vilifunguliwa mwezi Machi 2019, majuma machache baadaye. Mchezaji wa Kigali alipaswa kutegemea seva za mbali zaidi, kwa mfano za Uholanzi.

Tupige hesabu. Kutoka Kigali mpaka Uholanzi kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,400. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 13,000. Mwanga unahitaji kama sehemu 65 katika sehemu 1,000 za sekunde. Johannesburg ni kama kilomita 2,700, na kwenda na kurudi ni sehemu 27. Sasa linganisheni na mchezo: picha 30 kwa sekunde maana yake kila picha inadumu sehemu 33 tu. Kwa hiyo jibu la Uholanzi linafika wakati karibu picha mbili zimekwisha kupita, hata kama njia ingekuwa imenyooka. Nayo haikunyooka. Rwanda haina bahari. Habari zetu nyingi hupita nchi kavu mpaka Mombasa au Dar es Salaam, ndipo ziingie katika nyaya za baharini, na kila kituo njiani kinaongeza kidogo.

Watengenezaji wanajua hila za kuficha pengo hili. Mashine ya nyumbani hutoa kwanza cheche na vumbi, ili mchezaji aone jambo limetokea, huku jibu la ukuta likisubiriwa. Kwa mchezo, hila hiyo si dhambi. Lakini umbali una hatari ya pili ambayo hila haiwezi kuificha, nayo ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na hapa kwetu pia. Siku kama hiyo, aliyeweka hesabu yake mbali hana cha kufanya ila kungoja.

6. AHADI NA KILICHOFIKA

Mchezo ule uliahidiwa mwaka 2016, ukasogezwa mpaka 2017, kisha 2018, ukatoka 2019. Ulipotoka, kubomoka kwa nguvu ya wingu hakukuwamo katika mji mkubwa wa hadithi. Kulikuwamo tu katika ile sehemu ya timu mbili, yenye viwanja vyake maalum. Wachambuzi wengi waliona kuwa kilichofika kilikuwa kidogo kuliko kilichoonyeshwa Köln. Na kampuni ya Cloudgine ilikuwa imekwisha kununuliwa na Epic Games mwezi Januari 2018.

Hatusemi haya ili kuwacheka mafundi. Walichojaribu kilikuwa kigumu, na sehemu yake walifaulu. Tunataka muone hesabu ya pesa iliyo nyuma ya hesabu ya kifusi. Mashine iliyo nyumbani kwako imelipiwa mara moja. Seva ya kukodi inalipiwa kila saa mtu anapocheza. Siku mwenye mkoba akiona gharama imezidi faida, anaweza kuizima, nawe uliye mbali huna pa kugonga.

Na mambo hayo yametokea. Kampuni ya Google ilianzisha mwezi Novemba 2019 huduma iitwayo Stadia, ambayo iliendesha michezo yote katika wingu. Iliifunga tarehe 18 Januari 2023. Iliwarudishia wateja fedha za michezo, lakini huduma yenyewe ikafa. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za mchezo wa magari The Crew tarehe 31 Machi 2024. Waliokuwa wameununua walibaki na kitu kisichowaka. Wachezaji wa Ulaya hawakukaa kimya. Walikusanya saini, na mwaka 2025 zikapita milioni 1, wakiitaka Tume ya Ulaya iwabane watengenezaji wasiue mchezo uliokwisha kuuzwa. Ahadi ni deni, lakini deni halilipwi mpaka mwenye kudai asimame.

7. MIKONO ILIYO CHINI YA WINGU

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunapoambiwa kazi imekwenda kwenye wingu, tunaona imekuwa nyepesi. Haikuwa nyepesi, ila imewekwa kwenye mabega tusiyoyaona.

Yako mabega ya mchimbaji. Ndani ya vyombo vya umeme mna vijipande vidogo vya kuhifadhi umeme, na baadhi yavyo vinatumia tantalo, madini yanayotoka katika koltani. Koltani inachimbwa Gatumba hapa Rwanda, na Rubaya huko Masisi, Kongo, na kwingineko. Wachimbaji wengi wanaoitoa hawajawahi kuiona seva.

Yako mabega ya mtengeneza mchezo. Wapo wafanyakazi ambao kazi yao ni kucheza sehemu ile ile siku nzima wakitafuta kasoro: ukuta unaoanguka vibaya, kifusi kinachopotea mpakani. Mwezi Januari 2023, wajaribu michezo kama 300 wa kampuni ya ZeniMax, ambayo ni mali ya Microsoft, waliunda chama chao huko Marekani, na mwaka 2025 wakapata mkataba. Mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa chama hicho, Januari 2024, Microsoft ilitangaza kuwaachisha watu 1,900 katika idara yake ya michezo. Ile Volition ya wachimba madini wa Mirihi nayo ilifungwa na wenye mali mwezi Agosti 2023, baada ya miaka 30.

Na karibu nasi, mjini Nairobi, siku ya Mei Mosi 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaochuja habari na picha za kutisha kwa ajili ya mitandao mikubwa walikutana wakapiga kura ya kuanzisha chama chao. Kazi hiyo watu wengi walidhani inafanywa na mashine.

8. MIZANI YA CHAI

Sasa turudi kwa mama yetu mchuma chai. Shamba analofanyia kazi hatutalitaja, kwa kuwa jambo limekwisha kwa mapatano.

Pale mahali pa kupimia majani waliletewa mizani ya umeme. Mchumaji anaweka kapu, namba inaonekana kwenye kioo, na uzito unapelekwa kwa mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta za mbali. Huko ndiko mshahara unakohesabiwa. Ile karatasi ya zamani iliyotiwa alama kwa kalamu ikaondolewa. Wengi walifurahi, kwa sababu karani wa zamani alikuwa na kidole kizito.

Katika juma moja la mvua kubwa mtandao ulikatika. Mwisho wa mwezi watu wengi walikuta kilo za siku mbili hazimo. Walipouliza, waliambiwa: "Kompyuta haikosei." Mmoja wao alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wake ili alipe ada ya shule, kwa kuwa malipo yalikuwa pungufu.

Lakini kikundi cha mama huyu, watu kumi na wanne, kilikuwa na daftari la shule la kurasa arobaini. Kila jioni waliandika humo namba ya kila mmoja, kama ilivyoonekana kwenye kioo. Kapita alikuwa akiwatania kuwa wanarudi nyuma. Tulipoitwa, tulikaa na uongozi asubuhi moja, daftari likiwa juu ya meza. Fundi alipoifungua mizani alikuta uzito wa siku zile mbili umo ndani yake. Ulihifadhiwa, haukutumwa. Namba za mizani na namba za daftari zilikuwa sawa. Kikundi kikalipwa, na kwa sababu mizani ilikuwa imefunguliwa mbele ya wote, na wengine wasio na daftari wakalipwa vilevile. Mbuzi hakurudi.

Tuone tofauti. Katika mchezo, wingu ni mwamuzi asiye wa timu yoyote kati ya mbili zinazoshindana. Kwa ajili hiyo kumwachia hesabu ni haki. Shambani na kiwandani, wingu limekodiwa na upande mmoja. Halina nia mbaya, ni mashine tu. Lakini anayelilipia ni mwajiri, anayelifungua ni mwajiri, na likinyamaza anayelisemea ni mwajiri. Kwa hiyo hatukatai mizani ya umeme, wala hatuombi yule karani wa kidole kizito arudi. Tunachotaka ni kwamba hesabu inayogusa mshahara ionekane na pande zote mbili, kama vile ukuta ulioanguka unavyoonekana na wachezaji wote kumi.

Sheria inatusaidia. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inalinda habari za mtu binafsi hapa Rwanda. Inampa mtu haki ya kuuliza habari gani zake zimehifadhiwa, na haki ya kudai zisahihishwe zikiwa na kosa. Inamlinda asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake. Tena inataka habari hizo zihifadhiwe ndani ya Rwanda, na kuziweka nje kunahitaji kibali. Uzito wa majani yako ulioandikwa kwa jina lako ni habari yako. Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mitandao ndiyo inayosimamia sheria hiyo.

9. MAMBO MANNE YA KUULIZA

Mwajiri akileta mashine mpya ya kupima, ya kuhesabu saa au ya kuhesabu vipande, wajumbe waulize maswali haya kabla haijaanza kutumika:

(a) Hesabu inafanyika wapi: ndani ya mashine hii, ofisini, au mbali?

(b) Mtandao ukikatika, nani anakumbuka kazi iliyofanyika, na kwa siku ngapi?

(c) Mfanyakazi anapata karatasi au ujumbe gani siku ile ile?

(d) Pakitokea ubishi, mashine inafunguliwa mbele ya nani?

Majibu yaandikwe na yatiwe sahihi. Na hata yakiandikwa, daftari lisiachwe.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini majumba katika michezo mingi hayabomoki.

2. Zoezi: vipande vikiwa 20, jozi zinazoweza kugongana ni ngapi? (Zidisha 20 kwa 19, kisha gawa kwa 2. Jibu ni 190.) Sasa fanyeni wenyewe kwa vipande 50.

3. Kwa nini wachezaji kumi walioko mbalimbali wanakubali hesabu ya seva moja? Je, mahali pako pa kazi yuko mwamuzi kama huyo?

4. Taja mashine moja kazini kwako inayopeleka hesabu mbali. Kati ya maswali manne ya hapo juu, ni yapi ambayo hujui jibu lake?

5. Kikundi chako kina daftari? Kama hakina, nani ataanza kuandika Jumatatu, na nani atashika zamu akiugua?

Wenye watoto wanaocheza michezo hii wasiwafukuze tu. Wawaombe waonyeshe jumba linavyoanguka, na wawaulize hesabu imefanyika wapi. Yule kijana wa Nyamirambo alilijua hilo kabla yetu, na tumemwomba baba yake aje naye Jumapili.